Saa Mbovu wa Migori

Nimesikia watu wakisema kwamba kinyongo humuumiza anayekifuga. Labda ni kweli kwa wengine. Mimi kinyongo changu kilinifundisha kazi, tena kazi ambayo kuipenda peke yake hakukutosha kunifundisha, kwa hiyo sitakisema vibaya.

Mtu niliyemwekea kinyongo alikuwa mkubwa wa bendi moja ya benga pale Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alipiga gitaa la solo, na vyombo vyote vilikuwa vyake: magitaa, spika, ngoma, hata nyaya. Katika bendi za kwetu mwenye vyombo ndiye serikali. Anakuweka, anakutoa, anaamua nani atapata nyama na nani atapata mchuzi. Mimi nilitoka Uriri nikiwa kijana mwenye vidole vyepesi, nikapewa besi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mpiga solo husifiwa na wanawake. Mpiga besi huulizwa kama ana nguvu za kubeba spika.

Hata hivyo niliipenda. Katika benga besi haijifichi nyuma. Inakimbizana na solo mbele za watu, na ikiyumba kidogo tu wachezaji wanakanyagana. Nilijua kazi hiyo ni kubwa, na kwa siri nilijiona mkubwa.

Ili uelewe alichonitenda yule bwana, inabidi uijue pakruok. Katikati ya wimbo mtu yeyote mwenye la kusema huinua mkono, na muziki unakatwa papo hapo. Anapewa maiki, anajisifu: yeye ni nani, ameoa wapi, maadui zake wanalalia nini. Watu wanacheka, anaituza bendi, kisha wimbo unarudi pale ulipoachwa. Anayeurudisha ni mpiga solo. Anapiga kidogo peke yake, besi inamwangukia, na wengine wote wanaingia. Hapo pa kuangukia ndipo mpiga besi anapojulikana.

Ilikuwa Jumapili alasiri, uani kwa baa moja iliyojaa wenye vibanda vya sokoni, wachimba dhahabu, na Wakuria waliokuwa wameshuka kutoka Ntimaru kuuza mahindi. Mtu alijisifu, akamaliza, mkubwa akaanza solo yake, nami nikaangukia. Wimbo ukavunjika. Sisemi uliyumba, ulivunjika, kila chombo kikaenda njia yake na wachezaji wakasimama wakitutazama.

Mkubwa akainua mkono tukanyamaza. Akavua saa yake ya mkononi, akaisogeza karibu na maiki.

"Omera," akaniambia, yaani ndugu, "hii kitu inaitwa saa. Huko kwenu Uriri iko?"

Uwanja ukacheka.

"Unavuta wimbo nyuma kama ng'ombe amekataa kuvuka mto. Mama yako alikubeba miezi ngapi? Kumi na tano?"

Wakacheka zaidi. Mama yangu alikuwa amezikwa mwaka huo huo, na yule mtu alikuwepo matangani, alikula wali wetu na kuku wetu. Akanivua besi begani kwa mikono yake, akawaambia watu, "Huyu kutoka leo tumuite Saa Mbovu," akanielekeza mlangoni.

Jina linalotolewa kwenye maiki halifutiki kwa sabuni. Kesho yake muuza mboga aliniuliza, "Saa Mbovu, sasa ni saa ngapi?" Jioni makanga wakaniuliza. Nilienda kwa bendi nyingine mbili pale mjini, na kote walinipokea kwa heshima, wakanipa kiti, kisha mmoja akauliza, "Si wewe ndiye yule...?" na hapakuwa na nafasi tena. Lakini kilichoniumiza kuliko kicheko ni kwamba nilimwamini. Nililala nikijua kwamba ndani yangu mna kitu kilichoharibika, kitu ambacho wenzangu wamezaliwa nacho.

Nikahamia Homa Bay kwa shangazi yangu, dada yake baba. Nilimwita waya, kama tunavyowaita kwa Kiluo. Alikuwa mjane, Msabato, mwenye mdomo, na alikuwa na mashine ya kusaga unga si mbali na soko. Aliponiona nimefika na begi moja alinirushia koti lililojaa vumbi la unga.

"Saa ya kulia imeisha," akasema. "Mimina mahindi."

Hakujua jinsi neno hilo saa lilivyonichoma.

Injini ilikuwa ya dizeli. Juu ya bomba la moshi palikuwa na kikopo kilicholia tu-tu-tu mchana kutwa, na kwa mlio huo mtaa mzima ulijua mashine iko wazi. Nilitafuta ubao, nikaupigia misumari, nikafunga waya nne za breki za baiskeli. Hiyo ndiyo iliyokuwa besi yangu. Haikuwa na sauti, na kama ingekuwa nayo injini ingeimeza. Nilikaa juu ya gunia nikisubiri wateja, ubao mapajani, nikipiga nyimbo zote nilizozijua kwa kuufuata ule mlio wa tu-tu-tu. Nilidhani nimepata saa isiyoharibika.

Siku moja nikagundua kwamba inanidanganya. Ukimimina debe la mahindi injini inalemewa, mlio unazama na kuchelewa. Mdomo wa mashine ukibaki mtupu, inafyatuka mbio. Na vidole vyangu vilikuwa vikizama nayo na kufyatuka nayo, bila mimi kujua. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilikuwa mtu wa kufuata chochote chenye sauti kubwa kuliko yangu.

Basi nikaanza kuikatalia. Nilimimina debe, injini ikazama, nami nikabaki palepale nilipokuwa, nikiuimba wimbo kwa ndani, nikingoja mashine ipumue ili nione kama tutakutana. Ilinimeza kila mara. Ilinimeza majuma mengi. Wanawake waliokuja na mabeseni walinikuta nikitikisa kichwa na kusogeza midomo, wakamwambia shangazi, "Waya, huyu mtoto wako anaongea na mahindi." Akawajibu kwamba afadhali mahindi, hayasengenyi mtu.

Ijumaa jua likizama shangazi alizima injini, na hadi Jumamosi jioni nyumba ilikuwa kimya kabisa. Benga haikuruhusiwa redioni siku ya Sabato, kwa hiyo niliicheza kichwani. Nilianza wimbo, nikaukata katikati kana kwamba mtu ameinua mkono, nikaosha vikombe, nikawasalimia watu wa kanisani waliopita, kisha nikaurudia pale unapopaswa kuwa umefika. Jumapili ndipo nilipojipima. Nilifungulia redio kaseti, nikapiga ubao pamoja nayo, halafu nikaizima sauti kabisa huku kanda ikiendelea kuzunguka. Nilipiga peke yangu. Nikiifungulia tena sauti, mwimbaji alikuwa ameshaniacha, au mimi nimemwacha.

Kuna Jumapili nilifungulia sauti na neno la mwimbaji likaanguka juu ya kidole changu sawasawa. Nililia kama mtoto. Halafu nikamfikiria mkubwa wa bendi, machozi yakakauka.

Ilibaki dosari moja, nayo niliigundua kwa magunia. Nikitoka kushusha gunia kwenye mkokoteni na kukimbilia ubao huku nikihema, redio ilinikuta mbele kila mara. Moyo ukienda mbio unauona wimbo umelegea, unausukuma, na wewe unaapa kwamba hujausukuma. Kumbe moyo nao ni injini, hauaminiki. Wimbo lazima ukae chini zaidi ya moyo, kiunoni, pale uzito wa mwili unapohama kutoka mguu huu kwenda ule, maana uzito wa mtu haubadiliki akitishwa.

Na hakuna gunia lililouchochea moyo wangu kama yule mtu. Nikimkumbuka tu, nakimbia. Basi nikamfanya kuwa zoezi. Nilizima sauti ya redio na kumleta makusudi: saa aliyoivua, meno yake, miezi kumi na mitano, mama yangu. Nilimtazama kwa ndani huku vidole vikiendelea. Kila Jumapili nilimtazama, kama mtu anywaye mwarobaini, mpaka nikaweza kumchukia kwa nguvu zangu zote bila kuharakisha hata kidogo.

Shangazi alinijua. "Kisasi ni cha Bwana," alinionya tukila.

"Bwana ana kazi nyingi, waya. Hii moja nitamsaidia."

Alijaribu kukunja uso akashindwa, akacheka hadi akakohoa ugali.

Baadaye bendi ndogo ya hapo mjini ilinipa besi ya kweli siku za mwisho wa juma. Mpiga ngoma wao aliniambia kwamba nikiwa nyuma yake anaweza kufikiria mambo ya shamba lake na mkono hausahau. Hakuna aliyejua kwamba Migori nina jina. Nilianza kuheshimiwa. Wateja wa mashine waliacha kusema naongea na mahindi, wakasema naenda kupiga. Ningeweza kuridhika hapo, na mtu mwema angeridhika.

Siku moja yakabandikwa matangazo. Ile bendi ya Migori ingekuja kupiga ukumbini siku ya pili ya Krismasi, mchana.

Nilienda kama mtazamaji, nikalipa kiingilio changu. Ukumbi ulifurika: watu wa mjini, watu wa Mbita, na wanawake wa samaki kutoka Rusinga, wamejipamba, wamekaa mbele. Muziki haukuanza. Ikajulikana kwamba mpiga besi wao amepandwa na malaria, amelala ndani ya gari anatetemeka. Watu wakaanza kupiga meza. Mwenye ukumbi akaniona, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jukwaa.

Mkubwa alikuwa amenenepa. Alinitazama, akafungua mikono.

"Ala! Saa Mbovu! Kumbe Homa Bay ndio wanatengenezanga saa?"

"Nipo, mkubwa," nikasema.

"Utaweza?"

"Nitajaribu, mkubwa."

Akanikaribia, akashusha sauti. "Sikia, omera. Leo ukiniharibia, nitakutoa na maiki vile nilikutoa. Hawa watu wako wote wasikie."

Nikasema sawa, mkubwa, kwa adabu zote. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Migori walikuwa wameshanimaliza. Nilichobakiwa nacho duniani ni mji huu mmoja ambao haukulijua lile jina, na wateja wa shangazi walikuwa mle ndani. Nikipakosa pale pa kuangukia mara moja tu, jina lingevuka nami, na hapangekuwa na shangazi mwingine wa kukimbilia.

Tulianza. Moyo ulinipiga hadi kooni, nikauacha upige, nikashuka kiunoni. Wimbo wa kwanza ukapita vizuri. Katika wa pili mzee mmoja akainua mkono, akajisifu kidogo kuhusu ng'ombe zake, akamaliza. Mkubwa akaanza solo yake.

Akaanza mbio.

Niliisikia wazi kama ninavyosikia mtu akifunga mlango. Wimbo ulipoachwa ulikuwa mahali fulani, na yeye ameuokota mbele zaidi. Sifa za watu zilimpandisha moyo, moyo ukamsukuma, na hakuwa na habari. Nilimfuata, nikaangukia mbio zake, ili nihakikishe. Baadaye mtu mwingine akajisifu. Mbio tena. Nikamgeukia mpiga ngoma, yule yule wa Migori, aliyemwoa dada wa huyo mkubwa. Akaangalia chini.

Hapo nikaelewa yote. Siku ile Migori sikuwa nimevuta wimbo nyuma. Niliangukia pale ulipoachwa, na yeye ndiye aliyekuwa ameukimbia. Saa yangu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mpiga ngoma alijua, wote walijua, wakaniacha nitukaniwe mama yangu kwa sababu ya sahani ya chakula. Nilikuwa nimemeza vumbi la unga muda wote ule nikirekebisha kosa la mtu mwingine. Kama ningekuwa na kisu sijui ningefanya nini. Nilikuwa na besi.

Tukaingia wimbo aliopenda kumalizia, ule wa kuwainua watu wote. Ukumbi ukajaa vumbi la miguu. Mwanamke mmoja wa samaki, mnene, mwenye kitambaa cha kijani, akainua mkono, muziki ukakatwa, akapanda akashika maiki.

"Mimi nyar Rusinga, binti wa Rusinga!" akasema. "Mimi ndiye mbuta ile nyavu zinaogopa! Bwana yangu akichelewa kurudi nyumbani, habishi hodi. Anaomba mlango msamaha kwanza!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Akaendelea, akawataja wake wenza wawili waliokimbia, akaituza bendi noti moja moja akizibandika kwenye vipaji vya nyuso zetu. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilitazama mabega ya wanawake wenzake pale mbele. Walicheka, walipiga makofi, lakini mabega yalikuwa bado yanauchezea wimbo, taratibu ile ile. Nami nilikuwa nao, uzito kwa mguu huu, uzito kwa ule.

Akashuka. Mkubwa akainamia gitaa lake akaanza, mbio kuliko mara zote.

Akafika pale ninapopaswa kuangukia. Sikuangukia.

Alinitazama. Akapiga tena kile kipande, kwa nguvu, akinionyesha kwa kidevu: ingia. Mikono yangu ilikuwa juu ya nyuzi, imetulia. Watu walianza kuangalia juu. Niliona mkono wake mmoja ukitaka kwenda kwenye maiki, na nilijua anachotaka kusema. Nilimchukia pale kwa utulivu mkubwa. Kisha nikaingia, si kwake, pale wimbo ulipoachwa na yule mwanamke alipoinua mkono.

Mpiga ngoma alisita kidogo tu. Sijui kama ilikuwa aibu au masikio, akaja kwangu. Gitaa la pili likaja. Na wale wanawake wa mbele, ambao miguu yao haikuwa imeondoka pale, wakapiga kelele ya furaha na ukumbi mzima ukainuka nyuma yao. Solo ilikuwa bado inakimbia peke yake huko mbele, kama kuku aliyekatwa kichwa. Mkubwa alijaribu kurudi, akapita. Akajaribu tena, akajikwaa. Akapunguza sauti ya gitaa, akainama akajifanya anakaza nyuzi.

Maisha yake yote yeye ndiye aliyeanza na wengine ndio walioingia. Hakuwahi hata siku moja kutafuta mlango wa wimbo ulioshikwa na mtu mwingine. Alisimama na gitaa begani, jasho linamtiririka juu ya noti aliyobandikwa, na watu wakacheza. Nilitafuta katika ukumbi ule hata uso mmoja uliokuwa ukimwangalia, sikuuona.

Ndipo akanijia. Akasogea hadi bega lake likagusa langu, akaweka mdomo karibu na sikio langu ili wengine wasione.

"Naingia wapi?" akauliza.

Nadhani hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza vile. Nilijua jibu. Mlango ulikuwa unakuja, unafunguka, unapita, unakuja tena. Kutikisa kichwa tu kungetosha, naye angeingia na hakuna mtu ambaye angejua.

"Sasa?" akaniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Akangoja, vidole vyake tayari juu ya nyuzi, akinitazama usoni kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa. Mlango ukapita.

"Sasa, ndugu yangu?"

"Bado."

Nilimweka hivyo hadi wimbo ukaisha.